B ya debt haijawahi kutamkwa

"Zamani Waingereza walitamka kila herufi, baadaye wakafanya uvivu." Sentensi hii imenipitia machoni mara nyingi mno, na safari hii imenikuta sina subira. Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza watu.

Ya kweli niyapitie haraka. K ya knight na knee ilitamkwa. Kiingereza cha Kale kiliandika cniht, c ikisikika k, na Wajerumani mpaka leo husema Knie na k yao kamili. Gh ya daughter nayo ilikuwa kikwamizi halali, yaani sauti ya pumzi inayokwaruza, jirani na kh ya Khamis kwa anayeitamka Kiarabu. Msikilize Mjerumani akisema Tochter. Baadaye ikafa katika daughter, ikageuka f katika laugh. Mbona laughter ipate f na slaughter ikose, ilhali zinapishana herufi moja tu? Vitabu husema lahaja zilichanganyika, kisha vinafungua sura mpya. Kuchanganyika zilichanganyika, ila kanuni ya kwa nini neno hili lipate f na lile likose, hakuna anayeitoa, nami sinayo.

Sasa debt. Neno lilitoka kwa Wafaransa likiwa dette, likaandikwa hivyo bila b. Wasomi waliokuwa wamelewa Kilatini wakakumbuka debitum, wakachomeka b ili nasaba ionekane. Ulimi haukuwajali. Doubt ni yaleyale. Receipt ikapachikwa p, lakini deceit, ndugu yake wa damu, leo haina. Kiswahili kilipochukua risiti kilisikiliza mdomo, p kikaiacha karatasini. S ya island ni aibu tupu: neno ni la Waingereza wenyewe, halina undugu na insula ya Kilatini, likavishwa s kwa kufananishwa na isle.

Kinachoniudhi hasa ni -mb. Watu hutia lamb na thumb kapu moja. Lamb, comb na climb zilikuwa na b tangu Kiingereza cha Kale: lamb, camb, climban. Thumb ilikuwa þuma (þ ni th), limb ilikuwa lim, crumb ilikuwa cruma. Ulimi ulipoacha kutamka b baada ya m mwishoni mwa neno, kalamu haikujua tena nani alikuwa nayo na nani hakuwa nayo, ikagawa. Na usikimbilie Kijerumani hapa: Lamm na Daumen zote hazina b, moja iliipoteza, nyingine haikuwa nayo.

Halafu kuna thimble, zamani þymel, ambayo b yake inasikika kabisa. Hiyo haikuchomekwa na msomi. Tamka m kisha l upesi: njia ya pua ikiziba kabla midomo haijaachana, b inatoka yenyewe. Crumble vilevile. Huenda thimble ndiyo iliyoiambukiza thumb b yake, ila kwenye maandishi tu.

Anayeng'ang'ania uvivu anieleze fault. Ilikuwa faute. L iliingizwa kwa heshima ya Kilatini, na katika karne ya 18 washairi walikuwa bado wanalitia vina na aught, l ikiwa kimya. Leo kila Mwingereza anaitamka, kwa sababu aliiona imeandikwa.