Bongo hazifanani: kwa wanaolea vijana wa teknolojia Kigoma

Kwa Waha salamu si neno la kupita. Mtu anapiga makofi taratibu, anakuuliza ulivyoamka, watoto, wazee, shamba, ndipo shida iliyokuleta itajwe. Mgeni asiyelijua hilo huonekana hana adabu kabla hajaketi. Mimi nimeshazoea, wala sina ugomvi na desturi hiyo. Naitaja kwa sababu vijana wetu wa kompyuta, wanaodhani wameachana na mambo ya wazee, wana salamu yao iliyo ngumu zaidi. Wanaiita kupichi.

Kwenye mikutano ya kampuni changa, iwe hapa Mwanga au Dar es Salaam, utaratibu ni uleule. Simama mbele, watazame watu machoni, eleza wazo lako kwa dakika tatu, tabasamu, jibu maswali papo hapo. Kisha mnaachiwa muda wa kujuana, na spika inafunguliwa mpaka vioo vinatetemeka. Anayeyamudu hayo anaondoka na mshirika, mlezi, pengine na mtaji. Asiyeyamudu anaondoka na laptopu yake.

Niliwahi kuwa mwamuzi kwenye shindano la namna hiyo. Kijana mmoja wa Ujiji aliitwa mbele. Alikuwa ametengeneza programu ya simu ya kupiga hesabu za kipe, chombo cha kuvulia dagaa usiku: dagaa waliopatikana usiku, mafuta yaliyotumika, mgawo wa wavuvi na wa mwenye chombo. Aliikazia macho feni ya darini, akasema, "Inagawa hesabu za kipe. Inafanya kazi." Akaketi. Kwenye safu ya kujiamini nilimpa 2 kati ya 10. Programu yenyewe hakuna mwamuzi aliyeifungua.

Siku chache baadaye mama yake alinifuata ofisini. "Mwalimu, mwanangu hana kiburi. Tangu mdogo macho ya watu yanamchoma." Kazi yangu ni kuwafundisha walimu kumtambua mtoto wa aina hiyo darasani, na hapo alikuwa amesimama mbele yangu na nisimwone. Jioni ile niliifungua programu. Ilikuwa imekumbuka hata siku za mbalamwezi, ambazo vyombo vya dagaa havitoki.

Kuna watu ambao ubongo wao, tangu kuzaliwa, unapokea na kupanga mambo kwa njia isiyo ya wengi. Wapo wenye usonji, ambao sauti, mwanga au mabadiliko ya ghafla huweza kuwachosha mno, na lugha ya mafumbo na ishara za uso huweza kuwapita. Wapo wenye disleksia, ambao maandishi huwasumbua ingawa akili yao haina kasoro. Wapo ambao umakini wao hauwatii: jambo dogo linawatoa kwenye mstari, lakini wakipenda kitu wanasahau hata kula. Kuziita hali zote hizi utofauti wa bongo ni wazo la miaka ya 1990. Judy Singer, mwanasosholojia wa Australia, aliliandika kwenye tasnifu yake mwaka 1998, lakini halikuwa lake peke yake. Watu wenye usonji walikuwa wakiandikiana kwenye intaneti, kila mmoja chumbani kwake, wakilijenga kidogo kidogo. Wale walioambiwa hawawezi kuishi na watu walijenga jamii nzima, ila kwa maandishi.

Tujihadhari na makosa mawili. La kwanza tunalijua: karogwa, ana mapepo, mama yake alimdekeza. La pili limeingia na sinema, kwamba kila mwenye usonji ni bingwa wa hesabu. Wengi si mabingwa wa chochote, kama sisi wengine, na wapo wanaohitaji msaada wa kila siku maisha yao yote. Mtu asilazimike kuwa jiniasi ndipo apewe kiti.

Wengi pia huamini kuwa wenye usonji hawajui kuwasiliana, basi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walipitisha hadithi kutoka mtu hadi mtu, kama watoto wanavyonong'onezana kwenye mstari. Mstari wa wenye usonji watupu ulifikisha hadithi sawasawa na mstari wa wasio nao. Palipochanganywa ndipo maneno yalipopotea. Utafiti mkubwa zaidi uliofuata, wa watu 311, uliotoka 2025, ulikuta hata mistari ya mchanganyiko ilifikisha vizuri. Kwa vyovyote, ule mzigo wa kuelewana tuliozoea kumtwisha mwenye usonji peke yake ni wa pande mbili.

Thorkil Sonne wa Denmark, ambaye mwanawe ana usonji, alianzisha kampuni ya Specialisterne mwaka 2004 ili watu wenye usonji wafanye kazi za kompyuta, mathalani kujaribu programu. Badala ya usaili wa maswali, waombaji walipewa roboti za Lego wazijenge na kuziamuru, na muda wa kutosha. Walichotazama ni mikono na fikra.

Hapa kwetu hatuhitaji Lego. Tuma maswali siku tatu kabla, kwa maandishi. Andika saa ya kuanza na ya kumaliza, kisha iheshimu (hili litawasaidia hata wasio na utofauti wowote, maana saa zetu zinajulikana). Anayetaka kuonyesha kazi yake kwenye skrini bila kuhutubia, aruhusiwe. Zima taa inayopepesa. Acha chumba kimoja kisicho na muziki. Wala usimuulize mtu mbele ya wenzake ana tatizo gani. Weka utaratibu huo kwa wote, naye atajichagulia. Anayetaka uchunguzi aanzie hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, si kwenye video za simu.

Na huko kujuana, tujifunze kwenye bao. Pita Ujiji alasiri utawaona wazee wawili wameinamia kete saa nzima, hawatazamani usoni, maneno yao yote hayajazi kiganja. Nani atasema hao hawana ujirani? Vijana wawili wanaotafuta kosa moja kwenye programu moja, kimya, wameshajuana kuliko waliobadilishana kadi.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Kampuni changa za hapa zina watu wanne, watano, kwa hiyo sharti hilo la asilimia halizifikii. Kwa hilo zinabaki na hiari ya wenyewe.

Yule kijana wa Ujiji sasa huja kwenye mikutano yetu ya Jumamosi. Hukaa karibu na mlango, masikio kayaziba kwa hedifoni, na maoni yake huyaandika kwenye karatasi tunayoibandika ukutani. Wiki iliyopita niliingia nikamsalimia kwa urefu wote wa Kiha, makofi na kila kitu. Alisubiri nimalize, akaniuliza nani amebadilisha nywila ya intaneti.