Nagasaki sio bomu tu

Kuna mtu ukimtajia Nagasaki, lile jiji la Japani lililopigwa bomu la atomiki na Wamarekani mwaka 1945, anakwambia kule hakukaliki mpaka leo, kuna mionzi. Si kweli jamani. Lile bomu lililipukia juu, kama mita 500 kutoka ardhini, ndo maana mionzi iliyobaki chini ilipungua haraka, sio kama Chernobyl kule Ukraine ambako kinu chenyewe cha nyuklia ndo kilipasuka, na tramu zilianza tena kutembea mwaka huohuo wa 1945. Leo ni jiji la watu kama laki nne. Pale hekalu la Sanno lango la mawe limebaki na mguu mmoja, nguzo ya pili iliangushwa na mlipuko, na mikafuri miwili mikubwa iliyoungua ikabaki vigogo vitupu ilichipua, sasa hivi imejaa majani.

Wengine wanadhani Nagasaki ndo ilikuwa shabaha ya kwanza siku ile, 9 Agosti. Ndege ilikuwa inaenda mji mwingine, Kokura, kule chini hakukuonekana, wakageuza. Na bomu lenyewe halikupiga katikati ya mji, lilipiga bonde la Urakami, walikoishi Wakatoliki ambao mababu zao walificha imani kwa zaidi ya miaka 200 serikali ilipoipiga marufuku, wakaja kujitambulisha kwa padri Mfaransa mwaka 1865, wakakamatwa wakapelekwa uhamishoni, waliporudi 1873 wakajijengea kanisa kuu kwa miaka na miaka, nalo likateketea siku hiyo. Hapo mimi naumia sana.

Eti Japani ilijifungia kabisa karne zile za imani kupigwa marufuku, ya 17 hadi ya 19? Mlango ulikuwa hapahapa. Waholanzi walibanwa kwenye kakisiwa ka kutengeneza, Dejima, daraja moja tu kwenda mjini, na Wachina nao walikuwa na mtaa wao. Bidhaa zikaingia, vitabu na elimu ya tiba ya Ulaya pia.

Halafu hii ya kwamba viongozi wa kule wanakaa kimya tu. Meya Motoshima mwaka 1988 alisema wazi kwamba mfalme Hirohito alihusika na Vita vya Pili vya Dunia, 1990 akapigwa risasi, akapona. Meya Itoh yeye aliuawa 2007 akiwa kwenye kampeni. Na bado kila 9 Agosti meya anasoma tamko la amani mbele ya dunia nzima, na halitungi peke yake ofisini, kuna kamati inayokaa kulijadili, wakiwemo manusura wenyewe.