Ada ya kufundisha piano: usipige hesabu ya saa moja tu

Walimu wenzangu, hasa nyie mnaoanza kufundisha piano na kinanda majumbani hapa Dar, swali naloulizwa kila mara ni "nichaji shingapi kwa saa?" Na wengi wanaouliza tayari wana jibu kichwani, wamesikia fulani anachukua elfu 15 basi na wao wanataja elfu 15, hawajui huyo fulani analipwa na kanisa kila mwezi au anakaa mtaa mmoja na wanafunzi wake.

Anza na mwaka mzima. Mwaka una wiki 52 lakini hakuna anayefundisha wiki zote 52, shule zikifunga Juni familia zinaenda mkoani, Desemba ndo usiseme kabisa, kuna Pasaka, kuna Idi mbili, kuna wiki za mitihani ya shule ambapo mzazi anasema mwalimu ngoja kwanza mtoto amalize, afu na wewe utaumwa siku moja moja. Mi nahesabu wiki 40.

Sasa tuseme una wanafunzi 15, kila mmoja kipindi kimoja kwa wiki, na unataka ubaki na milioni 1 kwa mwezi baada ya gharama za kazi. Gharama zenyewe, yaani nauli, bando, vitabu, kutoa kopi za nota, umeme, fundi wa kutyuni piano, tuseme laki 2 kwa mwezi. Jumla ni milioni 1.2 kwa mwezi, kwa mwaka milioni 14.4. Vipindi vyako ni 15 mara 40, yaani 600. Gawanya, unapata elfu 24 kwa kipindi, na hapo bado hatujagusa kodi. Yule aliyehesabu wiki zote 52, yaani vipindi 780, akagawanya milioni 12 na akasahau gharama anapata kama elfu 15 na mia nne hivi, anachaji elfu 15 akiamini ana milioni kwa mwezi, kumbe mwisho wa mwaka ameingiza milioni 9, toa gharama inabaki 6.6, ambayo ni laki 5 na nusu kwa mwezi. Karibu nusu imeyeyuka na hajaibiwa na mtu. Namba zako zitakuwa tofauti na hizi, ila hesabu ifanye hivyo hivyo.

Halafu kuna suala la foleni. Ukitoka Tabata kwenda kufundisha Masaki jioni, kipindi cha saa moja kinaweza kukula masaa matatu, na ndani ya masaa hayo ungekuwa kwako ungefundisha watoto watatu wakija mmoja mmoja. Kwa hiyo weka bei mbili, ya mwanafunzi kuja kwako na ya wewe kumfuata, na tofauti yake isiwe nauli tu, iwe na muda. Ukiweza panga wanafunzi wa upande mmoja wa jiji siku moja, Jumamosi yote Mbezi Beach kwa mfano, hapo unaweza hata kupunguza kidogo na usiumie.

Mi binafsi silipwi kwa kipindi, nalipwa kwa mwezi au kwa muhula na hela inaingia kabla. Hapa sipindishi, kwa sababu ukilipwa kwa kipindi kila mvua ikinyesha unapoteza hela, mzazi anatuma meseji saa kumi "mwalimu leo tuna mgeni" na wewe ushafika kituoni. Mwandikie mapema, kwa heshima: "Habari za leo mama, ada ya mwezi inalipwa kabla ya tarehe 5. Mtoto akiwa na udhuru naomba nijulishwe siku moja kabla ili tupange siku nyingine, la sivyo kipindi kitahesabika." Nikikosa mimi nafidia bila kuulizwa, hiyo nayo iandike.

Kwa mtoto wa miaka 6 usilazimishe saa nzima, nusu saa inamtosha, ila bei usiikate nusu kamili maana safari na maandalizi ni yale yale. Mwanafunzi anayeandaliwa kwa mitihani ya ABRSM (bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki) ni kazi nyingine, kuna skeli, yaani kupiga ngazi za sauti, kuna kusoma nota papo hapo, kuna mazoezi ya sikio, na akitaka kuingia gredi ya 6 kawaida anatakiwa awe amefaulu gredi ya 5 ya nadharia, kwa hiyo hapo unafundisha masomo mawili, yachajie yote. Ada ya mtihani mzazi ailipe mwenyewe, isichanganyike na yako.

Kuhusu "mwalimu tupunguzie", ndugu wawili wa nyumba moja sawa, punguza kwa wa pili. Ila kama kuna mtoto ana kipaji kweli na kwao hali ni ngumu, mi naona bora umfundishe bure kabisa, tenga nafasi moja au mbili na gharama yake iwe ndani ya hesabu yako ya mwaka, kuliko kushusha bei ya wote kidogo kidogo mpaka mwenyewe unashindwa kuendelea na watoto wote 15 wanabaki bila mwalimu.

Kupandisha napandisha Januari na taarifa naitoa Oktoba, kwa maandishi, mzazi mmoja mmoja. Wanafunzi wapya wanaanza na bei mpya hata wakija Novemba.