Udongo kushindiliwa: kwa nini ukoka wa nyumbani hudhoofu mvua zikikolea

Udongo kushindiliwa ni hali ya chembe za udongo kukandamizwa na kubanana mpaka nafasi zilizokuwa kati yake zinatoweka. Nafasi hizo ndizo hupitisha maji kwenda chini na hewa kwenda kwenye mizizi. Katika udongo mzuri wa bustani, karibu nusu ni chembe za mchanga na mfinyanzi pamoja na mboji kidogo. Nusu iliyobaki ni matundu madogo ambayo maji na hewa hugawana. Udongo ukishindiliwa mgao huo unavunjika. Mvua ikinyesha, matundu machache yaliyosalia yanajaa maji, na hewa inakosa pa kukaa.

Hapo ndipo wengi wenye ukoka nyumbani huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania wanapokwama. Kuanzia Novemba hadi Aprili maji ni tele, basi mtu anategemea nyasi zinawiri. Kumbe zinageuka njano, zinaacha vipara, na ardhi ya kwenye vipara inavaa ukoga wa kijani unaoteleza. Mwenye nyumba anakimbilia yurea, na isiposaidia anakimbilia dawa ya ukungu. Lakini mzizi unapumua, na oksijeni hupenya kwenye maji polepole mno, karibu mara 10,000 chini ya mwendo wake hewani. Udongo ukibaki umejaa maji kwa siku kadhaa, mizizi ya chini inaoza na inabaki ile ya juu juu. Wakati huohuo bakteria wanaoishi pasipo hewa wanageuza naitrojeni ya mbolea kuwa gesi inayopotea. Kwa hiyo kuweka mbolea kabla ya kurekebisha udongo ni kupoteza hela.

Mvua yenyewe inachangia. Udongo mkavu una nguvu ya kubeba mguu wa mtu, ila ukilowa chembe zake zinateleza na kujipanga kwa kubanana kila zinapokanyagwa. Miguu ya watu hushindilia zaidi sentimita 5 hadi 8 za juu, na mizizi mingi ya ukoka iko humo humo. Ndiyo maana vipara huanzia mahali palepale kila mwaka: chini ya kamba ya kuanikia nguo, kwenye njia ya mkato kati ya geti na mlango wa jikoni, na mahali watoto wanapochezea mpira.

Aina ya udongo nayo ina sehemu yake. Mfinyanzi mwekundu wa maeneo mengi ya Iringa hushindiliwa haraka na hukauka ukawa mgumu. Udongo wa majivu ya volkano wa Rungwe ni mwepesi na unapitisha maji vizuri, ingawa Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Hata hivyo, kwenye nyumba mpya aina ya udongo wa asili mara nyingi haina maana tena. Kiwanja kilichokuwa mteremko kimechongwa, udongo mweusi wa juu umesukumwa upande wa chini, malori ya matofali na mchanga yamepita, zege limekorogwa palepale. Mwishoni inamwagwa tabaka nyembamba ya udongo mweusi na ukoka unapandikizwa juu yake. Uwanja kama huo ulishindiliwa kabla nyasi hazijafika, na kwa maoni yetu ndiyo chanzo kikubwa kuliko miguu ya watoto.

Kupima ni rahisi. Siku moja baada ya mvua kukatika, chukua bisibisi ndefu uisukume ardhini kwa nguvu ya mkono tu. Ikiingia sentimita 15 bila kugoma, udongo hauna tatizo hilo. Ikikwama kwenye sentimita 4 au 5, umeshindiliwa. Rudia kando ya fensi pasipokanyagwa, upate cha kulinganisha. Kisha kata kipande cha nyasi na udongo wake kwa beleshi, kina cha sentimita 15, ukiweke kwenye mwanga. Udongo wenye afya una rangi moja ya kahawia au nyekundu, unameguka ukiubonyeza kwa kidole gumba, na mizizi myeupe inashuka hadi chini. Ulioshindiliwa unatoka kama kipande cha tofali bichi. Mizizi imeshuka sentimita 3, ikakunja na kutambaa upande. Ncha zake ni za kahawia na zinavulika ukizivuta. Ukikuta madoa ya kijivu au ya bluu, au harufu ya yai viza, ujue humo hewa imekosekana kwa muda mrefu.

Bisibisi ikiingia vizuri lakini maji bado yanatuama, tatizo ni jingine: tabaka la chini limekataa maji, au uwanja hauna mteremko. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakiisha lijaze tena. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, unahitaji mtaro uliojazwa kokoto.

Tiba ya udongo ulioshindiliwa ni kuutoboa, na muda unaofaa kwetu ni Desemba na Januari, mvua zikiwa zimeshalainisha ardhi na nyasi zikikua kwa kasi, maana zinaziba majeraha haraka. Subiri siku moja au mbili baada ya mvua kubwa. Finyanga udongo kiganjani: ukinata kama unga wa chapati uache, kwa sababu kutoboa tope kunasiliba kuta za tundu na maji hayapiti. Ukimeguka ukiugusa, anza.

Uma wa bustani unatosha kwa udongo mwepesi. Uzamishe sentimita 10, uegemeze mpini nyuma kidogo, uchomoe, usogee sentimita 10. Kwenye mfinyanzi uma una kasoro: unausukuma udongo pembeni, hivyo unafungua hapa na kubana pale. Bora bomba linalotoa udongo nje. Fundi wa kuchomelea anaweza kulitengeneza kwa vipande viwili vya bomba la chuma la nusu inchi, urefu wa sentimita 15 hivi, vikiwa vimechomelewa chini ya fremu yenye mpini na mahali pa kukanyagia. Ncha ya kila bomba inolewe kwa grainda, na ubavuni likatwe dirisha ili udongo wa tundu la kwanza utoke unaposukumwa na wa tundu la pili. Bila dirisha litaziba muda si mrefu. Tundu kila baada ya sentimita 10 ni matundu 100 kwa mita moja ya mraba, kazi si ndogo. Anza na sehemu zenye vipara. Vipande vilivyotoka viache vikauke, uvivunje kwa reki.

Siku hiyohiyo mwaga mboji iliyoiva iliyochanganywa na mchanga mnene wa mtoni, ndoo mbili za mboji kwa moja ya mchanga. Unene wa nusu sentimita kwa mita 10 za mraba ni lita 50, yaani ndoo mbili na nusu za lita 20. Fagia kwa ufagio wa chelewa hadi iingie kwenye matundu na ncha za majani zionekane. Mchanga laini wa kupigia plasta usiutumie: ukichanganyika na mfinyanzi kwa kiasi kidogo hukauka ukawa mgumu kuliko ulivyokuwa. Samadi mbichi nayo inaunguza na inaleta mbegu za magugu.

Majani mapya yakianza kuchipua, mbolea sasa ina faida. Kilo 1 ya yurea inatosha mita 100 za mraba. Itawanye majani yakiwa makavu, siku unayotarajia manyunyu. Mvua kubwa itaisomba.

Ukataji wakati wa masika ni nusu ya kinga. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ukoka uache na sentimita 3 hadi 4. Nyasi ya kikuyu, ambayo inapenda ubaridi wa huku, iache na sentimita 5. Mara nyingi mvua hushuka alasiri na asubuhi kuna umande, kwa hiyo saa 5 hadi saa 7 mchana ndiyo nafasi ya kupitisha mashine. Magurudumu kwenye nyasi zilizolowa yanashindilia, na kisu butu kinachana majani badala ya kuyakata.

Angalia pia maji ya paa. Paa la mita 100 za mraba likipigwa na mvua ya milimita 30 linashusha lita 3,000, na bila gata zote zinaangukia ukanda mmoja mwembamba kando ya ukuta. Hapo nyasi hazitashika. Weka gata, au jaza ukanda huo kokoto. Njia ya mkato nayo iwekee mawe ya kukanyagia, ukiyazamisha yalingane na udongo ili mashine ipite juu. Nyungunyungu wakijitokeza baada ya mvua usiwamwagie dawa: wanatoboa udongo kina ambacho uma haufiki.

Kutoboa kukome kabla ya Aprili kuisha. Juni na Julai nyasi zinalala kwa baridi, na Njombe na Makete sakitu (umande ulioganda kwa baridi) huunguza majani, kwa hiyo matundu ya mwisho wa msimu yanabaki wazi kwa ndago kuota. Palipokuwa pakiegeshwa gari ni habari nyingine, maana mgandamizo umeshuka zaidi ya uma unapofika. Palimwe kwa sururu sentimita 25 hadi 30, pachanganywe mboji, papandwe upya na gari lihamishwe. Na kama gari haliwezi kuhama, hapo pawekwe kokoto.