Kuku Kunyonyoka Manyoya Wakati wa Baridi: Maswali na Majibu

Maswali haya ni ya wanaofuga kuku wachache nyuma ya nyumba kule theluji inakoanguka, iwe Minnesota, Ontario au Ulaya ya kaskazini.

Banda limejaa manyoya na kuku mmoja kabaki shingo tupu. Ni ugonjwa?

Mara nyingi siyo. Kuku akishafikisha kama mwaka mmoja na nusu hubadili manyoya, na kinachomsukuma ni mchana kufupika, si baridi. Wengi hupukutisha kuanzia Septemba hadi Novemba. Aliyechelewa ndiye theluji humkuta uchi. Huanzia kichwani na shingoni, kisha kifua na mgongo, halafu mabawa na mkia. Kwa kawaida huchukua wiki 8 hadi 12, na mayai husimama. Aliyezoea kufuga Tanga au Kisumu hushtuka kuona kundi zima likipukutika pamoja, kwa sababu karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana.

Nitajuaje kama ni utitiri?

Mshike usiku akiwa amelala, washa tochi, fungua manyoya yaliyo chini ya mkia, kuzunguka njia ya haja. Upo utitiri unaoishi mwilini mwa kuku muda wote, na huo hustawi hasa wakati wa baridi: utaona vidudu vidogo vyeusi vikitembea, na manyoya ya hapo yameingia weusi kama masizi. Chawa wana rangi ya majani makavu, hukimbia wakimulikwa, na mayai yao huganda kwa mafungu kwenye shina la nyoya. Utitiri mwekundu ni mjanja zaidi. Mchana hujificha kwenye nyufa za banda, usiku hutoka kunyonya damu. Pitisha kitambaa cheupe chini ya fito za kulalia. Kikitoka na madoa ya damu, umeupata.

Tibu kundi zima na banda lake, si kuku mmoja, kisha rudia baada ya siku 7 hadi 10, kwa sababu dawa nyingi haziui mayai ya wadudu. Tumia dawa iliyoruhusiwa kwa kuku wa mayai na usome kibandiko kuhusu siku za kutokula mayai. Waweke pia beseni la udongo mkavu uliochanganywa na majivu ya kuni ndani ya banda. Ardhi ikishaganda hawana pengine pa kuoga vumbi.

Mgongo tu ndio mtupu. Je, nako ni kubadili manyoya?

Hapo mtazame jogoo, maana akiwapanda mitetea mara nyingi huwachakaza manyoya ya mgongoni. Mmoja kwa mitetea 10 anatosha. Kifua kitupu ni cha kuku anayeatamia. Damu karibu na mkia maana yake wanadonoana, jambo la kawaida wakifungiwa banda dogo siku nzima. Mtenge aliyejeruhiwa upesi, maana damu huwaita wengine, kisha waongezee nafasi na uwaning'inizie kabichi nzima wahangaike nayo.

Nimpe chakula gani?

Nyoya karibu lote ni protini. Chakula cha kutagia huwa na protini kama asilimia 16. Wakati huu mpe chenye 18 hadi 20, au mwongezee dagaa wakavu wasio na chumvi. Wengi humwaga mahindi ili kuku "wapate joto". Machache jioni sawa, lakini wakishibia mahindi hawali kile kinachojenga manyoya. Maji yasigande.

Niwashe taa ya joto, au nimshonee sweta?

Taa, hapana: ikidondoka kwenye maranda makavu, banda linateketea. Kinachomdhuru kuku ni unyevu na upepo unaompiga moja kwa moja. Acha matundu ya hewa juu ya vichwa vyao, maranda yawe makavu, na fito ziwe pana ili akikalia afunike vidole vyake. Aliyebaki uchi kabisa mhamishie gereji, siyo sebuleni, asije akazoea joto akashindwa kurudi. Sweta nalo linasugua manyoya machanga yanayochomoza, ambayo yana damu ndani na huuma. Kwa sababu hiyohiyo usimshikeshike.

Daktari wa mifugo nimwite lini?

Kuku akikonda, akiacha kula, akiharisha, au upanga wake wa kichwani ukipauka. Vilevile ikipita miezi mitatu na ngozi bado haijachomoza nyoya hata moja.