Kupiga Kopi Mtandaoni: Dhana Zinazovuma Kampala na Ukweli wa Sheria

Jioni za mwisho wa wiki, baa nyingi za Kabalagala na Ntinda huwa na bendi ndogo inayopiga nyimbo ambazo si zake. Wanamuziki wa Afrika Mashariki wameiita kazi hiyo kupiga kopi tangu enzi za bendi za dansi, na wengi wa waimbaji tunaowaheshimu leo walijifunza sauti zao kwa kopi kabla hawajatunga hata ubeti mmoja. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi kopi haiishii ukumbini. Simu inarekodi, video inapanda YouTube au TikTok usiku uleule, na kijana aliyeimbia watu 40 anajikuta ameimbia watu wa nchi nzima bila kujua ni ruhusa ya nani aliyopaswa kuiomba. Naandika haya kwa kuwa nawapenda vijana hao, na pia kwa kuwa nawahurumia watunzi ambao kazi zao huimbwa kila wiki na majina yao hayatajwi.

Karibu kila dhana potofu ninayoisikia inatokana na kutojua jambo moja. Wimbo mnaousikia redioni hubeba mali mbili. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na lahani, na hiyo ni ya mtunzi au ya yule aliyeuziwa haki zake. Ya pili ni rekodi, yaani sauti iliyonaswa studio siku fulani, ambayo mara nyingi ni ya prodyuza au kampuni iliyogharimia kazi. Anayeimba kwa sauti yake huku akipiga gitaa lake mwenyewe hajaigusa rekodi ya mtu; ameugusa utunzi tu. Anayeimba juu ya biti iliyochomolewa kwenye rekodi asilia amezigusa zote mbili, na hapo anahitaji ruhusa ya pande mbili.

Dhana: “Sipati hata shilingi, kwa hiyo sina sababu ya kuomba ruhusa.”

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote. Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya Uganda, iliyopitishwa mwaka 2006, inampa mtunzi haki ya kuamua nani atoe nakala za kazi yake, nani aiimbe hadharani na nani aifikishe kwa umma. Anayefanya hayo bila idhini anatenda kosa, awe amelipwa au hakulipwa, na sheria hiyo imeweka adhabu ya faini isiyozidi pointi 100 za sarafu, ambazo kwa hesabu ya shilingi 20,000 kwa kila pointi ni shilingi milioni 2, au kifungo kisichozidi miaka minne, au vyote viwili.

Ni kweli kwamba sheria hiyohiyo inaruhusu matumizi ya haki, yaani matumizi ya kiasi yasiyohitaji idhini ya mtunzi, kwa mfano mtu anapoitumia kazi faraghani kwa ajili yake mwenyewe, mwalimu anapofundishia darasani, au mhakiki anaponukuu sehemu ili aichambue. Katika kuamua kama matumizi ni ya haki huangaliwa kusudi lake, aina ya kazi, ukubwa wa sehemu iliyochukuliwa, na athari yake kwa soko la kazi asilia. Kutopata faida huingia katika mizani hiyo, lakini hakuiamui peke yake. Kwa hiyo kuimba sebuleni ukiwa na wadogo zako hakuna tatizo. Kuiweka sebule hiyo mtandaoni kwa dunia nzima ni tendo jingine.

Hapohapo tuziondoe dhana mbili ndogo. Hakuna kanuni ya sekunde 30, wala ya 15, inayomruhusu mtu kuchukua kipande cha wimbo bila kuulizwa. Na maneno “wimbo huu si mali yangu” yanayoandikwa chini ya video hayampi mwandishi wake kinga yoyote, kwa sababu ndani yake amekiri kwamba alijua kazi ni ya mtu mwingine.

Dhana: “Nimemtaja msanii, hiyo inatosha.”

Kumtaja mwenye kazi ni wajibu, wala simlaumu anayeutimiza. Sheria yetu inamtambulia mtunzi haki za kimaadili: jina lake litajwe, na kazi yake isipotoshwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Lakini kutaja jina na kupewa ruhusa ni mambo mawili, na moja halichukui nafasi ya lingine.

Kuna la kusikitisha zaidi. Wengi wanaodhani wamemtaja mwenye wimbo huwa wamemtaja mwimbaji aliyeupa umaarufu, kumbe aliyekaa na kalamu ni mwingine kabisa. Katika muziki wa Uganda jambo hili ni la kawaida: watunzi kama Silver Kyagulanyi na Nince Henry wamewaandikia waimbaji wengine nyimbo nyingi ambazo msikilizaji wa kawaida anaamini zilitungwa na wale waliozitamka. Kama unaiheshimu kazi kiasi cha kuiimba, tafuta jina la aliyeitunga kabla hujabonyeza kitufe cha kupakia. Kuuliza watu wa studio huchukua dakika chache.

Dhana: “Wimbo ni wa zamani, mtunzi alishafariki, sasa ni wa wote.”

Kila Desemba nyimbo za Krismasi za Philly Bongoley Lutaaya huimbwa upya na kwaya, bendi na watoto wa shule kote nchini, na video zake hujaa mitandaoni. Lutaaya alifariki tarehe 15 Desemba 1989. Kwa sheria ya 2006, haki za kiuchumi za mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo tungo zake zinalindwa hadi mwaka 2039, na ruhusa huombwa kwa warithi wake au kwa aliyekabidhiwa haki hizo. Kifo hakiifanyi nyumba ya mtu kuwa ya kijiji, na utunzi haupo tofauti.

Mfano wa pili unatugusa sisi wasema Kiswahili. Wimbo “Malaika” umeimbwa na watu wengi mno, miongoni mwao Miriam Makeba na kundi la Boney M, hata wengine wakauchukulia kuwa wimbo wa jadi usio na mwenyewe. Ukweli ni kwamba Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kujulikana kuwa mtunzi wake, na Adam Salim naye alidai kuwa ndiye aliyeutunga kabla ya hapo. Mgogoro kuhusu nani mwenye mali si ushahidi kwamba mali haina mwenyewe. Unamtaka anayeomba ruhusa awe mwangalifu zaidi.

Zipo nyimbo zilizo huru kweli. Lahani ya “Silent Night” ni ya mwaka 1818, na waliouandika wimbo huo walikufa katika karne ya 19; yeyote anaweza kuuimba. Hata hivyo, tafsiri mpya ya Kiswahili au mpangilio mpya wa sauti nne uliofanywa na mwalimu wa kwaya aliye hai una ulinzi wake, na kwaya nyingi huteleza hapo.

Wengine huuliza kama wimbo umesajiliwa katika Ofisi ya Huduma za Usajili ya Uganda, wakiamini kwamba usiposajiliwa hauna ulinzi. Hakimiliki huanza pale kazi halisi inapowekwa katika umbo la kudumu, kwa maandishi au kwa rekodi. Usajili humsaidia mwenye kazi kuthibitisha, lakini si masharti ya kulindwa. Wala kazi ya kigeni haiko nje ya uzio huu, kwani mwaka 2022 Uganda ilijiunga na Mkataba wa Berne, ambao nchi wanachama hulindiana kazi za watunzi wao.

Dhana: “Nimeutafsiri kwa Luganda, basi sasa ni wangu.”

Tafsiri ni kazi ngumu na yenye thamani. Kuyaweka maneno ya Kiingereza katika Luganda, Kinyankole au Kiswahili bila kuivunja mizani ya lahani kunahitaji kipaji, na maneno hayo mapya yanaweza kuwa na ulinzi wao. Hata hivyo yamesimama juu ya kazi ya mwingine, na haki ya kuruhusu kazi itafsiriwe au igeuzwe ni ya mtunzi wa kwanza. Kwa maoni yangu, ruhusa ya tafsiri inahitaji kuombwa kwa bidii kuliko ya kopi ya kawaida, kwa kuwa anayetafsiri anaigusa maana yenyewe.

Dhana: “Baa imelipia leseni, kwa hiyo video yangu ni halali.”

Chama cha Haki za Maonyesho cha Uganda, kinachofahamika kama UPRS, kilianzishwa mwaka 1985, na hukusanya malipo kwa niaba ya watunzi kutoka kwa wanaotumia muziki hadharani, kama vile hoteli, baa na vituo vya redio. Leseni ya ukumbi huhusu muziki unaopigwa ndani ya ukumbi ule. Video inayopakiwa baadaye ni nakala mpya inayosambazwa mahali pengine, na inahitaji ruhusa yake. Vilevile, biti ya karaoke uliyoipakua ni rekodi ya mtu aliyeitengeneza. Kuilipia ili uifanyie mazoezi hakukupi haki ya kuitangaza.

Dhana: “YouTube imenitumia notisi, chaneli yangu imekwisha.”

Hofu hii huwafanya waimbaji wazuri wafute kazi zao bila sababu. YouTube ilianza mwaka 2007 kutumia mfumo wa Content ID, ambao hulinganisha video zinazopakiwa na kazi zilizosajiliwa na wenye haki, na unaweza kuitambua hata lahani iliyoimbwa na mtu mwingine. Video ikilingana na kazi hizo, mwenye haki huchagua moja kati ya mambo matatu: kuizuia video, kuiacha na kuchukua mapato ya matangazo, au kufuatilia tu takwimu za watazamaji. Dai la aina hii kwa kawaida haliiadhibu chaneli. Onyo la hakimiliki ni jambo jingine: hutokana na ombi rasmi la kuondoa video, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifunga chaneli. Soma notisi hadi mwisho kabla ya kuamua lolote. Kwa baadhi ya nyimbo, wenye haki wamekubali mwimbaji wa kopi aliye katika mpango wa washirika wa YouTube agawane nao mapato.

Usiichukulie huruma hiyo ya mfumo kuwa ruhusa. Mwenye haki aliyeiacha video leo anaweza kuizuia kesho.

Wapo pia waliosikia kwamba kopi “haihitaji ruhusa, ulipe tu”. Habari hiyo ina asili: mwaka 1909 Marekani ilitunga sheria inayomruhusu mtu kuurekodi upya wimbo uliokwisha kutolewa, mradi amlipe mtunzi kiwango kilichowekwa, ambacho wakati huo kilikuwa senti 2 kwa kila nakala. Utaratibu huo upo hadi leo, lakini ni wa Marekani, na unahusu sauti peke yake. Ukiiunganisha sauti na picha, hata huko Marekani kwenyewe unahitaji makubaliano na mwenye utunzi. Anayepakia video akiwa Wandegeya asijifiche nyuma yake.

Dhana: “Aliyepiga kopi hana haki yoyote.”

Dhana hii huwaumiza waimbaji wenyewe. Sheria ya Uganda inatambua haki jirani, yaani haki za anayeimba au kupiga ala na za mtayarishaji wa rekodi. Kijana aliyeimba utunzi wa mwingine kwa idhini ana haki juu ya uimbaji wake, na haki hiyo hudumu miaka 50. Mtu akiichukua video yake na kuipakia upya kwenye ukurasa wa biashara, amemkosea mwimbaji pamoja na mtunzi. Anayetaka kujilinda ahifadhi faili asilia ya sauti, tarehe ya kurekodi, majina ya wote waliopiga ala, na ule ujumbe wa maandishi ambamo mtunzi, au chama kinachomwakilisha, alimpa ruhusa, ukitaja wimbo, majukwaa utakakowekwa na namna mapato yatakavyogawanywa.