Klorokwini ilivyoshindwa: mageuko yanayotokea ndani ya damu yetu

Waliokulia Dar es Salaam miaka ya themanini na tisini wanaikumbuka klorokwini: uchungu wake ulimini na ule muwasho wa usiku kucha. Ilikuwa dawa ya malaria ya kila nyumba mpaka ilipoacha kutibu. Mwaka 2001 Tanzania iliiweka kando ikachukua SP (sulfadoksini na pirimethamini), na kufikia 2007 SP nayo ilikuwa imeipisha dawa ya mseto, ALu (artemetha na lumefantrini). Ukiuliza klorokwini ilishindwaje, jibu la haraka ni kwamba vimelea viliizoea. Kazi yangu ni kuchunguza vimelea hivyo maabara, na ningependa tulifumue jibu hilo taratibu, maana anayeona lilipokosea ameshika kiini cha nadharia ya mageuko.

Kimelea cha malaria kikiwa ndani ya seli nyekundu ya damu kinakula hemoglobini, na mabaki ya mlo huo ni sumu kwake. Hujiokoa kwa kuigandisha sumu hiyo iwe fuwele zisizodhuru. Klorokwini hujikusanya kwenye kifuko chake cha kumeng'enyea chakula, ikazuia fuwele zisijengeke, na kimelea kikafa kwa sumu ya chakula chake chenyewe. Hapo hakuna nafasi ya kuzoea. Kilichopatwa na dawa ipasavyo kimekufa, na hakikuacha mtoto wa kumsimulia.

Lakini mgonjwa mmoja anaweza kubeba mabilioni ya vimelea, na vimelea hivyo havifanani. DNA ya kimelea ina herufi kama milioni 23, na kila kinapozaliana zinanakiliwa upya. Katika kunakili, herufi hukosewa hapa na pale. Makosa mengi hayana athari, mengine yanakiua. Mara chache sana makosa yanaangukia kwenye jeni ya protini iliyo kwenye utando wa kifuko kile, na protini hiyo ikawa mlango wa kuitoa klorokwini nje. Makosa hayo hayakungoja dawa ije ndipo yatokee, wala hayakutokea kwa sababu kimelea kiliyahitaji. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama. Sekondari wanafundishwa kwamba Lamarck alikosea alipodhani twiga alirefuka shingo kwa kujinyoosha, wanajibu vizuri kwenye mtihani, halafu tukifika kwenye malaria wanarudi kulekule: kimelea kilitaka kuishi, kikajibadilisha.

Dawa ilikuwa chekeche tu. Vimelea visivyo na mlango ule vilikufa, vile vichache vilivyokuwa nao vikabaki, vikazaliana, na uzao wao ukaurithi. Mzunguko mmoja wa kuzaliana ndani ya damu huchukua saa 48 tu. Baada ya mizunguko mingi kundi zima lina sura nyingine, ingawa hakuna kimelea hata kimoja kilichojigeuza maishani mwake. Viumbe hutofautiana, tofauti hurithiwa, na si wote wanaosalimika wakazaa: hayo ndiyo waliyoyaeleza Charles Darwin na Alfred Russel Wallace mwaka 1858, bila kujua lolote kuhusu DNA. Tunaiita uteuzi asilia. Kinachogeuka ni kundi, kizazi baada ya kizazi.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya ukoo. Ili mlango ule upatikane, herufi kadhaa zinapaswa ziwe zimebadilika kwenye jeni moja, jambo la nadra, kwa hiyo usugu, yaani uwezo wa kuihimili dawa, ulizuka sehemu chache sana duniani. Ulionekana Asia ya Kusini-Mashariki na Amerika ya Kusini mwishoni mwa miaka ya 1950, na Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Je, wa kwetu ulizaliwa huku? DNA ilijibu. Vipande vilivyo jirani na jeni hiyo, ambavyo havihusiki kabisa na dawa, kwenye vimelea sugu vya Afrika vilifanana na vya Asia. Majirani hao wasio na kazi walisafiri pamoja na jeni kutoka kwa babu mmoja.

Ushahidi wa namna hiyohiyo ndio unaotuunganisha sisi na sokwe mtu. Jeni ya kutengeneza vitamini C imeharibika kwetu na kwake pia, na sote tunabeba mabaki yake mahali palepale. Haina maana kwamba sokwe wa Gombe ni babu zetu. Sisi na wao tulikuwa na babu mmoja mamilioni ya miaka iliyopita, na tangu hapo kila upande umeendelea kugeuka kivyake.

Makumbusho ya Taifa, pale Mtaa wa Shaaban Robert, ndiyo inayohifadhi fuvu la kale la Zinj, lile ambalo mwanaakiolojia Mary Leakey aliliona Olduvai mwezi Julai 1959. Lina umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Wengi humtaja Zinj kama babu wa binadamu, na si babu. Ni ndugu wa tawi la pembeni, mwenye magego makubwa ya kusagia, aliyeishi zama moja na *Homo habilis*, binadamu wa kale, katika eneo lilelile la Olduvai, kisha tawi lake likakoma bila kuacha uzao. Natamani kila mwalimu wa baiolojia wa jiji hili awapeleke wanafunzi wake wakaelezwe hivyo, kwa sababu picha ya ngazi, kuanzia nyani aliyeinama hadi mtu aliyesimama wima, imepotosha vichwa vingi sana.

Malawi iliivunja ngazi hiyo kwa namna nyingine. Iliacha klorokwini mwaka 1993. Usugu uliokuwa umetapakaa ukapungua mwaka hadi mwaka, na utafiti uliochapishwa 2006 ulionyesha dawa hiyo ikiwaponya karibu watoto wote waliopewa. Vimelea sugu vilikwenda wapi? Mlango ule una gharama: protini yenyewe ina kazi yake ya asili, na ikishabadilika haiifanyi vizuri. Dawa ikiwepo, gharama hiyo inalipa. Dawa ikiondoka, kimelea kisicho sugu kinamshinda mwenzake kwa kuzaliana. Na DNA inaonyesha kwamba vile sugu havikujirudi vilivyokuwa. Waliotawala ni uzao wa vile vichache visivyo sugu vilivyokuwa vimesalia.

Uteuzi huohuo umepita kwenye damu ya watu. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja ana kinga kiasi dhidi ya malaria. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili anaugua ugonjwa wa selimundu. Tofauti yenyewe ni herufi moja tu ya DNA. Jeni hiyo ipo kwa wingi kwetu kwa sababu kwa maelfu ya miaka iliokoa watoto wengi, huku ikiwatesa wengine. Mama anayekaa na mtoto wake wodini, maumivu ya mifupa yakiwa yamemzidi, anastahili kuambiwa hivyo waziwazi: si laana, si uchawi, wala hakuna alichokosea wakati wa ujauzito.

Dawa ya mseto nayo ilibuniwa kwa hesabu ya mageuko. Ina dawa mbili zinazoua kwa njia tofauti, ili kimelea kilichobahatika kuikwepa moja kikutane na nyingine. Anayekatisha dozi ya siku tatu kwa sababu homa imeshuka anaviachia nafasi vile vilivyosalia. Mwaka 2020 watafiti waliripoti kutoka Rwanda vimelea vyenye badiliko la jeni linalodhoofisha kasi ya artemisinini, jamii ya dawa iliyomo ndani ya ALu, na safari hii halikutoka Asia, lilizuka hukohuko. Sasa limethibitishwa Kagera pia. ALu bado inaponya, na sampuli za damu kutoka mikoani zinaendelea kusomwa herufi kwa herufi ili kujua badiliko hilo limefika wapi.